Suluhu isiishie kwenye kupeana mkono

Hotuba kwa wazazi, walimu wa madrasa na wazee wa mitaa, Lamu

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh na maustadhi, machifu na wasaidizi wao, wazee wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliooa juzi mkaja kukaa nyuma kabisa ili msionekane: karibuni nyote.

Tumeitwa kuzungumzia ugomvi wa wazazi na huduma zilizopo hapa za kuupunguza. Tutaanza na kiini, ili anayewahi mashua ya Faza asiondoke bila nacho. Suluhu zetu nyingi zinavunjika kwa sababu zinaishia kwenye kupeana mkono. Wazee wanakaa, wanasikiliza, wanatoa nasaha, "sameheaneni, muna watoto," inasomwa Fatiha, watu wanakunywa kahawa na kutawanyika. Hakuna aliyeuliza pesa za matumizi zitatolewa tarehe ngapi, kiasi gani, na zitapita mkononi mwa nani. Baada ya wiki tatu ugomvi ni ule ule, ila sasa una na lawama za ziada: "hata wazee waliniahidi." Wahenga walishasema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwanza tuelewane ni ugomvi gani tunaousema. Watu wawili wanaolea watoto pamoja watakosana tu. Hilo halina mjadala. Uingereza, ambako mwaka 2018 serikali ilianzisha pamoja na halmashauri za mitaa mpango wa kupunguza migogoro ya wazazi, wanaoishi pamoja na walioachana, wahudumu walifundishwa kuangalia mambo matatu: ugomvi unatokea mara ngapi, una ukali kiasi gani, na unaishaje. Hapa kwetu tunayashughulikia yale mawili ya mwanzo. Tunasema "punguza sauti", tunasema "majirani wanasikia". La tatu hatuliulizi, na ndilo lenye faida kubwa kwa mtoto.

Mtafiti mmoja wa Marekani, E. Mark Cummings, ametumia miaka mingi kuchunguza watoto wanavyopokea ugomvi wa watu wazima. Yeye na wenzake waliona kwamba watoto wakishuhudia wakubwa wakikosana kisha wakapatana kweli, wasiwasi wao hushuka sana. Hata pale ambapo suluhu ilifanyika faraghani na mtoto akaja kuambiwa tu baadaye kwamba yamekwisha, alitulia. Kwa hiyo mkigombana mbele ya mtoto saa moja jioni mkaja kupatana chumbani saa tano usiku, kazi bado haijaisha. Asubuhi, kabla hajaenda shule, mmoja wenu amwambie: "Jana tulikasirikiana mimi na babako kwa ajili ya pesa. Tumeshazungumza, tumepatana. Si kosa lako." Sentensi tatu zinatosha. Usimweleze hesabu ya deni, wala nani alikuwa na haki.

Na asidhani mtu kwamba mtoto mdogo hajui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walipima ubongo wa watoto wachanga 20, wa miezi 6 hadi 12, wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa sauti ya mtu mzima. Sauti ya hasira iliwasha sehemu za ubongo zinazohusika na mkazo na kudhibiti hisia, na zaidi kwa wale ambao mama zao walisema nyumba zao zina ugomvi mwingi. Walikuwa wamelala.

Kuna na ule ugomvi usio na kelele, na sisi watu wa mji huu kwa kuogopa kusikika tumeufanya ufundi. Kununiana. Mtoto wa miaka saba amesimama kati. Mama yuko jikoni, baba yuko dakani, pale mlangoni. "Mwambie babako chakula tayari." Anakwenda. "Mwambie mamako sina njaa." Anarudi. Mkimwangalia vizuri mtaona kuna mahali anasimama kidogo kabla ya kufika jikoni: anayatengeneza maneno. "Amesema atakula baadaye." Hajatumwa kusema hivyo, ameyalainisha mwenyewe ili sahani isipigwe chini. Mtoto huyo keshakuwa msuluhishi wa nyumba, hana mshahara wala mapumziko, na darasani mwalimu analalamika kwamba akili yake haipo. Ukitaka hatua ya kwanza ya kuanza nayo leo bila kwenda ofisi yoyote, ni hii: usimtume mtoto kwa mzazi mwenzake. Kama hamsemezani, tumianeni ujumbe wa simu, wa maandishi. Sauti za WhatsApp tunaziogopa, kwa sababu zinabeba ukali wote na zinasikilizwa tena na tena, na pengine na watu wasiohusika.

Sasa pesa. Katika kaunti hii ugomvi una msimu, na ajabu ni kwamba tunaujua msimu wa kila kitu isipokuwa huo. Upepo wa kusi hushika kuanzia Aprili mpaka Septemba. Bahari ya nje inachafuka, vyombo vidogo havitoki kama kawaida, kipato cha mvuvi kinashuka, na cha muuza samaki, muuza barafu na fundi wa mashua nacho kinafuata. Chukueni kalenda ya shule muiweke kando ya hiyo: muhula wa pili na wa tatu vyote vinafunguliwa ndani ya kusi. Sare, madaftari, michango, ada ya madrasa. Juu ya hapo, mume aliyezoea kuwa baharini au dago, kambi ya wavuvi, yuko nyumbani kutwa, anaona mambo ambayo hakuwa akiyaona na anayasemea yote. Mke naye alizoea kuendesha nyumba peke yake. Hapo hata aliye mpole atatafuta la kusema.

Dawa yake inafanyika msimu wa upepo wa kaskazi, pesa ikiwapo. Tuseme mvuvi anaweka kando shilingi 100 kila siku anayotoka. Akitoka siku 20 kwa mwezi, kuanzia Novemba mpaka Machi, ni shilingi 10,000. Hazimalizi tatizo, ila zinavusha ufunguzi wa muhula mmoja. Ziwekwe mahali ambapo mmoja hawezi kuzitoa kimyakimya: kwenye chama cha kuweka akiba, au kwenye akiba ya simu iliyofungwa hadi tarehe fulani, na wote wawili waijue. Mkae Februari au Machi mpange. Mkingoja Juni mtakuwa mnapanga mkiwa na njaa. Na kwenye hesabu hiyo miraa iandikwe kama unga unavyoandikwa. Hatukuja kumhukumu mtu. Ila hesabu inayoficha kitu kimoja hakuna atakayeiamini iliyobaki.

Tuje kwenye milango ya huduma. Ipo zaidi ya mmoja, na kosa kubwa ni kupiga mlango usio wake, ukakuta kimya, ukasema hakuna msaada.

Mlango wa kwanza ni wa jamaa. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, imeupanga wenyewe: msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa za mume, mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Wawili. Sisi tunakwenda kumi na moja, na wengine wamekuja kwa ajili ya habari. Mchagueni mtu ambaye hamdaini wala hawadai, haishi nyumba moja nanyi, na anajulikana kwa kufunga mdomo. Mama mkwe, kwa heshima zake zote, asiwe msuluhishi. Yeye ni upande, na kumlazimisha asiwe upande ni kumuonea. Wasuluhishi hao wakutane wenyewe kwanza kabla ya kukutana na wanandoa, wakubaliane kwamba lengo ni kutengeneza na si kushinda.

Wa pili ni wa imamu na Mahakama ya Kadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama hiyo mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kushtakiwa mbele yake. Watu wengi huifikia wakiwa wamekwisha vunja, wamekuja kuandikisha tu. Mnaweza kwenda mkiwa bado mko ndani ya ndoa. Na hapa kuna jambo ambalo tunalipoteza kila siku. Talaka ya kwanza na ya pili ni za rejea, yaani mume anaweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha. Eda ya mwanamke anayepata hedhi ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, na katika muda huo ana haki ya makazi na matumizi. Sura ya At-Talaq inakataza asitolewe nyumbani mwake. Muda huo umewekwa ili watu watulie wafikiri. Sisi tunafanyaje? Usiku ule ule mabegi yako mlangoni, punda amekwishaletwa, mke anapelekwa kwao, na kuanzia hapo wanaozungumza ni jamaa badala ya mume na mke. Maustadhi mliopo, hili lisemeni kwenye khutba, maana mkilisema nyinyi litapokewa kuliko tukilisema sisi.

Kwa ndugu zetu Wakristo wa Mpeketoni na kwingineko, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua upatanishi wa kanisa kwa ndoa za Kikristo na usuluhishi wa kimila kwa ndoa za kimila kabla ya kesi kusikizwa. Mchungaji au padre ana nafasi ile ile, na makosa yake ni yale yale.

Wa tatu ndio usiojulikana vya kutosha: ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Watu hudhani afisa wa watoto ni wa mayatima na watoto waliopotea. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa pia kazi ya kupatanisha familia katika migogoro inayomhusu mtoto, na Katiba, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Huduma hii hailipiwi. Unakwenda na kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki kama cheti hakijatoka, nambari ya simu ya mwenzako na mahali anapopatikana, na karatasi ya gharama za mtoto kwa mwezi. Afisa anaandika maelezo yako, anatoa barua ya wito kwa mwenzako, mnakaa watatu. Mkikubaliana, mnaandika makubaliano ya wajibu wa wazazi, mnatia sahihi mbele ya shahidi, kila mmoja anabaki na nakala. Makubaliano hayo yanaweza kupelekwa mahakamani yakapewa nguvu ya amri.

Yanayoharibika hapo tunayajua. Barua ya wito anapewa mlalamikaji aipeleke mwenyewe, akifika nayo inachanwa, ugomvi unaanza upya. Omba ipitie kwa chifu au mzee wa mtaa. Au wito unaandikwa saa tatu asubuhi kwa mtu wa Kizingitini, na siku hiyo maji yamekupwa kwenye mkondo wa Mkanda, boti haipiti. Anafika saa sita, ameandikwa kwamba amekataa wito. Ukiomba wito, mwambie afisa mwenzako anatoka kisiwa gani, na mtazame bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, kabla ya kupanga saa. Na kuna kosa la tatu, la karatasi ya gharama. Mama anaandika "chakula, shule, matibabu" kisha anaweka jumla moja kubwa, baba anasema anaibiwa. Vunja vunja: pakiti za unga za kilo 2 ni ngapi kwa wiki, maziwa, mafuta ya kupikia, sabuni, ada ya madrasa, nauli ya boti kama mtoto anavuka. Gharama za mwaka ziwe karatasi ya pili: sare, viatu, nguo za Idi. Nguo za Idi zimeleta kesi nyingi kuliko karo, kwa sababu haziandikwi popote na kila mwaka zinakuja kama mgeni asiyetarajiwa.

Chifu naye ni mlango, ila ana mipaka. Anaweza kuita, kusikiliza, kuandika na kuelekeza. Hawezi kuvunja ndoa, hawezi kuamua mtoto akae na nani kwa nguvu ya sheria. Mkitoka kwake na karatasi, muione kama kumbukumbu tu.

Mwisho ni mahakama yenyewe. Kesi ya malezi na matunzo ya mtoto husikizwa na Mahakama ya Watoto. Hata ukifika huko bado njia ya kupatana haijafungwa: upatanishi ulioambatanishwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016, unaruhusu kesi kupelekwa kwa mpatanishi aliyesajiliwa, kwa muda wa siku 60. Mnayoyasema humo ni siri, hayawezi kutumiwa dhidi yenu mkishindwana. Mkikubaliana, mahakama inayapokea kama amri yake. Mwambie karani au wakili wako kwamba unaitaka njia hiyo, usingoje kuulizwa.

Kabla hatujaeleza namna ya kukaa kikao, tusimame kwenye jambo moja, na tunawaomba wasuluhishi mlishike kuliko mengine yote. Kuna nyumba ambazo hakuna ugomvi wa wawili, kuna mmoja anayeogopwa. Nyumba hiyo haisuluhishwi kwa kuwakalisha pamoja. Mwenye kuogopa atasema ndiyo kwa kila kitu, na atalipishwa nyumbani kwa kila neno alilosema kikaoni. Kwa hiyo kila mmoja aonwe peke yake kwanza, kwa nusu saa, mahali ambapo mwenzake hasikii. Muulizeni: Akikasirika hufanya nini? Kuna jambo umeacha kulisema kwa kuogopa kitakachofuata? Nani anashika simu yako na pesa zako? Amewahi kukuzuia kutoka, au kwenda kwenu? Majibu yakionyesha hofu, kikao cha pamoja kimefutwa. Msimwambie "subiri". Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inahesabu pia vitisho, kumtesa mtu kwa maneno na kumnyima pesa, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, 116 ni ya bure kwa mtoto. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia. Aliyeingiliwa kwa nguvu afike hospitali ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza, na nguo zake aende nazo kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Haya, kikao. Tuseme hofu haipo, ni watu wawili waliochoshana. Wakati mzuri ni baada ya chakula, kamwe si kabla. Mwezi wa Ramadhani saa kumi jioni msijaribu. Kikao kisizidi saa moja na nusu. Baada ya hapo watu wanakubali ili waende zao. Watoto wasiwepo nyumbani, si chumba cha pili, maana nyumba zetu zina madirisha ya ndani na watoto wana masikio. Simu zizimwe.

Wanandoa wakae pembe, wasikabiliane uso kwa uso. Wakikaa macho kwa macho kila mmoja anajibu uso wa mwenzake badala ya maneno yake. Mmoja azungumze dakika tano bila kukatizwa, na asiseme "wewe kila siku" wala "wewe hujawahi". Aseme kilichotokea, siku gani, kikamfanya ahisi nini. Kisha mwenzake, kabla ya kujibu, arudie alichosikia. Hapa ndipo pagumu. Mtu atasema, "Amesema mimi ni mbahili." Msuluhishi amrudishe: hakusema hivyo, amesema Jumatatu alikopa unga dukani. Rudia tena. Inaweza kuchukua mara tatu. Vumilieni, kwa sababu mengi ya yanayoonekana kama ugomvi wa pesa huyeyuka nusu mtu akijua kwamba amesikika.

Kisha mambo yaandikwe. Hata yakiwa kumi na tano, chagueni matatu, na muanze na dogo kuliko yote. Wasuluhishi wetu hupenda kuanza na kubwa, "heshima", au "mama yangu na mke wangu", na saa nzima inakwisha bila kitu. Mkianza na dogo, kwa mfano nani anampeleka mtoto madrasa na saa ngapi, mkalimaliza kwa dakika kumi, wote wawili wanaona kwamba wanaweza kukubaliana. Hapo kubwa linapata mlango wa kuingilia.

Mtu akianza kutetemeka, uso umebadilika, moyo unakwenda mbio, simamisheni. Moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika kwa hasira, akili haisikii hoja. Mpeni dakika 20 au 30: atie maji usoni, atembee hadi gatini na kurudi. Sharti ni moja, na linafaa hata nyumbani bila msuluhishi: anayeondoka aseme anarudi saa ngapi. "Natoka, tutazungumza baada ya isha." Ukitoka bila kusema, mwenzako anaona umemkimbia, na ukirudi utakuta moto mkubwa kuliko ulioacha. Matembezi hayo yasiishie barazani kusimulia.

Halafu karatasi. Kuna maneno matatu yanayoua makubaliano: "kulingana na uwezo". Uwezo wa nani, unapimwa na nani? Linganisheni na haya: "Baba atatuma shilingi 3,000 kwa M-Pesa tarehe 5 na shilingi 3,000 tarehe 20 ya kila mwezi. Mei hadi Agosti atatuma 2,000 kila tarehe, na pengo litatoka kwenye akiba ya kaskazi. Akikwama atatuma ujumbe siku mbili kabla." Kiasi ni mfano tu. Lakini mstari huo unaonyesha nani, nini, lini, kwa njia gani, na itakuwaje akishindwa. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Kushindwa mara moja bila njia iliyopangwa hugeuka kuwa usaliti. M-Pesa tunaisisitiza kwa sababu inaandika yenyewe. Pesa taslimu aliyopewa mjomba ampelekee mama ina historia mbili kila inapofika mahakamani.

Na mwenye wake wawili aandike kila nyumba karatasi yake, na zamu zake. Kuchanganya ndiko kunakozaa maneno.

Karatasi ikishatiwa sahihi, wekeni tarehe mbili za kukutana tena: baada ya wiki mbili na baada ya wiki sita. Wiki mbili kwa sababu malipo ya kwanza yatakuwa yamepita, na hapo ndipo mapatano mengi huteleza. Wiki sita kwa sababu bashasha ya mwanzo itakuwa imekwisha, na mtaona kilichobaki. Kikao cha wiki mbili kinaweza kuwa cha dakika 20. Msikiache hata kama wote wanasema mambo ni mazuri.

Walioachana nao ni wazazi bado. Baqara, aya ya 233, imewakataza mama na baba kudhuriana kwa ajili ya mtoto, na iko katikati ya maneno ya talaka. Mabishano yao hasa ni kumkabidhi mtoto. Makabidhiano mlangoni kwa mtalaka, na mke mpya au mume mpya yuko ndani, ni kutafuta vita. Yafanyike mlango wa madrasa au kwa nyanya anayekubalika na pande zote, kwa saa maalumu inayojulikana. Mfano: Alhamisi baada ya madrasa ya jioni hadi Ijumaa baada ya magharibi. Idi mosi kwa mmoja, Idi pili kwa mwingine, mwaka ujao mnabadilishana. Begi la mtoto liwe na orodha ndani, nguo zilizokwenda ndizo zirudi. Tunajua inaonekana jambo la kitoto, lakini kesi zimefunguliwa kwa viatu. Kuchelewa hadi nusu saa kusilete maneno; zaidi ya hapo, ujumbe. Mtoto akirudi asihojiwe "kwa babako mumekula nini, nani alikuwako". Na matunzo yasifungwe na kumwona mtoto. Baba asiyelipa hanyimwi mtoto kama adhabu, na baba aliyenyimwa mtoto haachi kulipa. Ni mambo mawili, kila moja lina njia yake ya kudaiwa.

Limebaki swali tunaloulizwa kila mahali: na mwenzangu akikataa kuja? Nenda peke yako. Afisa wa watoto atakupokea, imamu atakupokea. Na nyumbani kuna mambo yasiyohitaji ruhusa ya mwenzako: kuacha kumtuma mtoto, kuacha kumsema mzazi mwenzake mbele yake, kutuma ujumbe mfupi wenye jambo moja tu badala ya kumi, na kuandika unachotoa au unachopokea, kwa tarehe. Usimwite kwenye kikao kwa maneno "wazee wanataka kukusikiliza", atajua ameshitakiwa. Mwambie jambo moja lenye kikomo: "Nataka tukae saa moja tupange karo ya muhula ujao tu." Anayekataa kusuluhishwa mara nyingi hukubali kupanga karo. Mkifika hapo, shikeni karo hiyo hiyo, msifungue mengine siku hiyo.

Fomu tupu za mapatano na za gharama za mtoto ziko kwenye meza ya mlangoni, upande wa kulia. Wanaotoka Faza na Kizingitini wachukue kwanza, maji hayawangoji. Waliobaki, tunapokea maswali.